Kujichora tatuu mwenyewe kwa sindano ya mkono: wino, kina cha sindano na usafi

Kitasa_Tanga

Wakuu, naomba mwongozo. Nataka kujichora nanga ndogo, urefu wa kama sentimita 4, kwa kudunga nukta kwa mkono bila mashine. Ninazo sindano za tatuu zilizoandikwa 1203RL, kila moja kwenye pakiti yake, na wino mweusi wa chupa, ule wa kuchorea ramani, kutoka duka la vifaa vya shule.

Maswali yangu: huo wino unafaa, au nitumie masizi ya taa yaliyochanganywa na spiriti kama wengine wanavyoshauri? Sindano iingie kiasi gani? Nichague kifundo cha mkono kwa ndani au paja? Na sindano nikizichemsha naweza kuzitumia tena? Studio nazijua na bei zake nazijua, kwa hiyo jibu la "nenda studio" tuliweke kando kwanza.

Fundi_Wino

Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linaloponza watu. Sindano ya tatuu haichemshwi. Maji yanachemka nyuzi 100, na kuna mbegu za bakteria zinazostahimili joto hilo. Hospitali hutumia mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo kwa dakika 15 au zaidi, na sufuria ya nyumbani haifanyi kazi hiyo. Halafu ncha yenyewe ikishafanya kazi moja huwa imepinda kidogo. Ipitishe taratibu juu ya pamba, ikinasa nyuzi ujue ina ndoano. Sindano moja, mtu mmoja, kikao kimoja. Ikigusa meza au ikianguka, chukua nyingine. Kwa hiyo usianze kazi ukiwa na sindano moja tu, weka tatu au nne karibu. Kagua pakiti: tarehe ya mwisho haijapita, karatasi ya nyuma haijalowa wala kutoboka.

Maana ya 1203RL: 12 ni unene wa kila ncha, milimita 0.35. 03 ni idadi ya ncha, tatu. RL ni mpangilio wa duara uliobanwa, wa kuchora mistari. Kwa nanga ya sentimita 4 hiyo inatosha, ila kwa ngozi nyeusi mimi ningechukua 1205RL kwa mstari wa nje. Mstari mwembamba sana kwenye ngozi yetu unapotea ukiutazama kutoka hatua tatu.

Sindano ya cherehani iliyofungwa uzi iache. Uzi unabeba wino, ndiyo, lakini unabeba na kila kitu kingine. Ya hospitali ya kuchomea dawa nayo haifai: ina tundu katikati na ncha iliyokatwa mshazari, inakata ngozi badala ya kuidunga, na wino haukai nje yake.

Wino wa ramani si wa mwili. Baadhi huwekewa gundi ya kuufanya usifutike na maji, na hakuna aliyeutengeneza akifikiria damu. Masizi ni kaboni kweli, na Wamakonde walichanja nyuso na kusugulia mkaa kwa vizazi vingi, rangi ikakaa. Kukaa kwa rangi hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye chembe kubwa zisizolingana na uchafu unaoingia nazo. Spiriti ndani ya wino ndiyo mbaya kabisa: inaunguza kidonda kila unapodunga, ngozi inavimba mapema, na unashindwa kuona unachofanya. Tafuta wino mweusi wa tatuu wa kaboni, chupa ndogo iliyofungwa, yenye namba ya toleo na tarehe.

Wala usiuzimue kwa maji upate kijivu. Mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya ngozi ya bakteria anayeitwa *Mycobacterium chelonae* kutokana na wino wa kijivu uliokuwa umezimuliwa tangu kiwandani. Hao walikwenda kwa mchoraji, wala hawakujichora jikoni. Kwa kazi ya nukta, kijivu kinapatikana kwa kuachanisha nukta. Maji ya nini?

Mahali: paja. Kifundo cha mkono kwa ndani kina ngozi nyembamba na mishipa iko juu juu, lakini sababu kubwa ni nyingine. Ngozi lazima ivutwe ikaze wakati wa kudunga. Ukijichora mkono, mkono wa kuvuta utautoa wapi? Kwenye paja unakaa, mguu kwenye stuli, mkono mmoja unavuta na mwingine unadunga. Chagua sehemu ya mbele inayoelekea nje, shubiri moja juu ya goti. Ndani ya paja kuna joto na msuguano, haponi vizuri mtu hapo.

Kina: kama milimita 1 hadi 2, na kwa paja karibu 1.5. Hutapima kwa rula, utapima kwa hisia. Shika sindano kama kalamu, iegemee kama nyuzi 45, dunga na itoe kwa njia ile ile iliyoingilia. Ikiwa kwenye kina sahihi, inapotoka ngozi inainuka kidogo na kusikika mlio mdogo kama wa kubanduka. Usiposikia wala kuona ngozi ikinasa, uko juu mno, na rangi itatoka na magamba ndani ya wiki mbili tatu. Damu ikitiririka, umezama. Ukizama wino unafika kwenye mafuta chini ya ngozi na kusambaa, unapata kivuli cha bluu kando ya mstari. Kivuli hicho hakifutiki kwa krimu yoyote ile, wanaouza wanakudanganya.

Kitasa_Tanga

Shukrani sana mkuu, paja basi, na wino naagiza. Sasa hatua zenyewe zipangweje? Na krimu ya ganzi je?

Fundi_Wino

Mpangilio ndio kazi yenyewe, kuchora ni nusu tu.

Nyoa kwa wembe mpya wa kutupa, ukifuata malaika yanakolalia, siku hiyo hiyo. Osha kwa maji na sabuni, kausha, pitisha spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Dettol isiguse hapo, inawasha ngozi iliyonyolewa.

Michoro ihamishwe kwa karatasi ya stensili. Kama nanga yako ina herufi, ziandike kawaida kwenye karatasi ya juu: rangi inashika nyuma yake kinyume, na ukiibandika ngozini zinarudi sawa. Na nanga itazame nje, yaani isimame sawa kwa mtu anayekuona umesimama. Maana yake wewe utaifanya ikiwa kichwa chini. Wengi huiweka itazame kwao kwa sababu ndivyo inavyochoreka kirahisi, kisha wanatembea na nanga iliyopinduka. Herufi zenye kimo chini ya milimita 5 ziache, baada ya miaka michache "e" na "o" zinakuwa nukta. Stensili ikishawekwa, subiri dakika 15 ikauke. Ukiharakisha itafutika ukipangusa mara ya kwanza.

Meza ifunikwe kwa nailoni safi. Kabla hujavaa glavu, fungua kila kitu: mimina matone matano ya wino kwenye kikofia kidogo kipya, kata gozi (kitambaa cha vidonda), chota vaselini kwa kijiti ukaiweke pembeni, weka taa. Zungushia shina la sindano bandeji ya kujishikiza hadi linene kama kalamu, bila kugusa ncha. Kisha nawa mikono, vaa glavu za nitrili. Kuanzia hapo kitu chochote kisichokuwa kwenye ile nailoni hakiguswi. Simu ndiyo adui namba moja. Inaita, unaigusa, unarudi kwenye kidonda. Ukigusa simu, kitasa au nywele, vua glavu, nawa, vaa nyingine. Weka jozi sita.

Anza kona ya chini upande wa mkono unaochorea, panda juu, ili kiganja kisifute stensili. Mzunguko wa kwanza acha nafasi ya kama milimita 1 kati ya nukta na nukta. Mzunguko wa pili jaza kati yake. Chovya wino kila baada ya nukta tano sita. Usipanguse kwa kusugua, gandamiza gozi yenye maji ya sindano, yale ya vichupa vya mililita 10 vinavyouzwa duka la dawa. Vaselini kidogo sana pembeni ya stensili husaidia wino usishike mahali pasipo pake.

Mzunguko wa tatu ukiona mahali pamepauka, sawa, lakini si zaidi. Ngozi ikianza kung'aa, kulainika kama imelowekwa na kutoa majimaji, imechoka. Nukta za ziada hapo zinazalisha kovu, na wino hautaongezeka. Funga kazi hata kama nanga haina kamba. Utarudi baada ya wiki 6. Nanga ya ukubwa huo kwa mkono itakula saa moja na nusu hadi mbili.

Ganzi: krimu yenye lidokeini na prilokeini, asilimia 2.5 kila moja, hupakwa saa moja kabla chini ya nailoni, kwenye ngozi nzima tu. Kwa nanga ya sentimita 4 sioni haja. Krimu inaifanya ngozi iwe na majimaji na usiyoisikia, na mtu anayejifunza kina cha sindano anahitaji kuisikia ngozi yake. Asipakae kabisa mtu aliyekwishaanza kudunga. Kwenye kidonda dawa inaingia damuni haraka kuliko ilivyokusudiwa.

Nesi_Zamu

Fundi amemaliza upande wa kuchora. Naongeza upande wa wodini.

Ukijichora peke yako kwa sindano mpya na wino mpya, VVU na homa ya ini B havitoki hewani. Vinakuja pale rafiki anaposema "na mimi nidunge kidogo", mkachovya kikofia kimoja. Kubadilisha sindano na kubaki na kikofia kile kile ni sawa na kutobadilisha. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, hata kwenye tone lililokauka ambalo hulioni. Chanjo yake kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Waliozaliwa kabla chanjo hii haijaingia kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi hawana kinga, wapime kwanza. Pepopunda nayo, angalia kadi yako.

Ikitokea umejichoma na sindano iliyomgusa mwingine, osha kwa maji na sabuni, usikamue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Unazimeza siku 28.

Wasiojichora kabisa: mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito, mwenye pumu ya ngozi iliyoamka mahali hapo, na mwenye historia ya keloidi (kovu linaloota na kukua kupita kidonda) kwake au kwa ndugu wa damu. Keloidi kwetu si jambo la nadra. Kifua, mabega, shingo na masikio ndizo sehemu zake, paja kidogo limesalimika. Angalia makovu yako ya zamani, la ndui, la kutoboa sikio, la chanjo begani. Kama moja limevuka mipaka ya kidonda chake cha awali, acha.

Na kuna jambo watu hawalisemi: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali kama klobetasoli, na matumizi ya miezi yanaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Hapo hesabu ya milimita 1.5 imekufa. Sindano inazama, wino unasambaa, kidonda kinachelewa kufunga. Paja lililopakwa mkorogo lisichorwe.

Taka: sindano itumbukizwe na ncha yake kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha ipeleke kituo cha afya wakaitie kwenye sefti boksi. Isiende jalalani, wapo watoto wanaookota. Meza ifutwe kwa Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, iache dakika 10.

Kitasa_Tanga

Nesi, ubarikiwe. Ngozi haina mkorogo wala keloidi. Swali la mwisho: kabla sijadunga, nikipaka kwanza piko nione kama nanga inapendeza, kuna ubaya?

Mkono_wa_Hina

Upo, na mkubwa. Usiweke piko mahali utakapochora, wala popote.

Hina ya majani inatoa rangi ya machungwa, inakolea kuwa kahawia ndani ya siku moja hadi mbili, na haiwi nyeusi kamwe. Lazima ikae ngozini saa kadhaa. Piko inayotoka nyeusi tii ndani ya saa moja huwa ni unga wa rangi ya nywele, na ndani yake mna PPD, kemikali ya kutia weusi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi hawaruhusu. Piko ya kukorogwa kwenye kibakuli hakuna anayeipima.

Mara ya kwanza huenda usione kitu, au ukaona malengelenge baada ya siku tatu hadi kumi na mbili, yakifuata ramani ya ua lenyewe. Mwili ukishaichukia, umeichukia maisha yote: rangi ya nywele nyeusi itakuvimbisha uso, na baadhi ya dawa za ganzi kama benzokeini nazo zinaweza kukuletea shida. Bibi harusi wengi wa pwani wamebaki na alama nyeupe za maua mikononi kwa sababu hiyo.

Ukitaka kujaribu nanga, ichore kwa wanja, au weka ile stensili ukae nayo siku mbili, kisha osha.

Boda_Kibaha

Nje ya mada kidogo: anayewaza kuomba kazi Polisi Tanzania asome matangazo ya ajira kwanza. Huwa wanataka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na paja huonekana siku ya ukaguzi.

Kitasa_Tanga

Polisi siendi 😅. Niambieni uponyaji tu nianze kukusanya vifaa.

Fundi_Wino

Ukimaliza, osha kwa maji ya sindano, kausha kwa kugandamiza, funika na gozi isiyoshika kidonda au ile plasta ya plastiki inayopitisha hewa. Nailoni ya kufungia chakula isizidi saa tatu, jasho linakusanyika chini yake na kwa joto la Tanga hilo ni shamba la bakteria. Kisha osha mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato, kiganja tu, bila dodoki. Mafuta yawe kidogo kiasi cha kutong'aa. Wanaojipaka vaselini nene wanaloweka magamba, yanang'oka na wino.

Magamba huanza siku ya nne hivi na kuisha kwenye wiki ya pili. Kuwasha kutakuja, piga kofi kwa nje ya nguo, usikune. Baharini na kwenye bwawa si kabla ya wiki tatu, na suruali ya jinzi ya kubana ipumzike wiki nzima. Wiki ya tatu nanga itaonekana imefifia kama ina ukungu. Ni ngozi mpya ya juu. Usiguse kitu mpaka wiki ya sita, ndipo utajua kipi kilitoka kweli na kinahitaji kurudiwa.

Nesi_Zamu

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu kama wanavyoandika kwenye mitandao ya nje, hautauona vizuri. Tazama mahali panapokuwa peusi zaidi au zambarau, weka mgongo wa mkono upime joto. Maumivu ya siku ya kwanza na ya pili ni ya kawaida na yanapungua. Yakiongezeka kuanzia siku ya tatu, au usaha, homa, mstari unaopanda kuelekea kinena, au mtoki, nenda hospitali siku hiyo.

Tafadhali usifungue kapsuli ya Ampiclox ukanyunyizia unga juu. Unaganda, unaficha usaha chini, na haumfikii mdudu aliye ndani. Vipele vidogo vinavyotokea wiki moja hadi tatu baadaye, vimejipanga ndani ya mchoro tu na havisikii dawa za kawaida, mwambie daktari moja kwa moja kuwa ni tatuu na umwonyeshe chupa ya wino. Kwa hiyo chupa usiitupe kabla ya miezi miwili. Na damu usichangie mpaka benki ya damu ikwambie muda wao; mara nyingi ni miezi 6 hadi 12.

Kitasa_Tanga

Nimeandika yote. 1205RL nne, glavu, maji ya sindano, gozi, stensili. Mkuu Fundi, nukta moja ikizama bahati mbaya, naifanyaje papo hapo?

Fundi_Wino

Huifanyi kitu. Gandamiza gozi kavu dakika mbili damu isimame, hamia upande mwingine wa nanga, na usirudi hapo leo. Kukamua hakuutoi wino, kunausambaza. Kivuli kikitokea utakiona ndani ya siku chache, na baada ya wiki ya sita unaweza kunenepesha mstari hapo ukimeze. Ndiyo maana nakushauri uanzie kwenye shina la nanga: hapo mstari ukinenepa nusu milimita hakuna atakayejua, ila kwenye pete ya juu itaonekana.